Uhandisi wa kilimo: nisome chuo gani?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), niko Kahama. Nataka kusoma uhandisi wa kilimo. Nimesikia habari za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), pia vyuo vikuu vya Egerton na Jomo Kenyatta (JKUAT) vya Kenya. Mjomba ananishauri nichukue uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasema huo unaingia popote. Nichague kipi, na nitajuaje kama chuo kinafundisha kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kuangalia jina la chuo, soma vizuri jina la shahada. Nimekutana na vijana wengi waliojaza shahada ya kilimo wakidhani ndiyo uhandisi wa kilimo. Ile ni fani nzuri ya mazao na udongo, lakini Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) haitakusajili kwa cheti hicho, na bila usajili wa ERB huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi nchini. Mwenye shahada ya uhandisi husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua 3 ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Basi kila chuo utakachokitazama, uliza wahitimu wake wanasajiliwa ERB kwa fani gani.

Mimi nakuelekeza Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine kilianzishwa rasmi mwaka 1984, ila kilimo kilianza kufundishwa pale chini ya milima ya Uluguru tangu 1965. Kizuri zaidi kwako ni kwamba uhandisi pale umegawanyika. Kuna Uhandisi wa Kilimo wenyewe, ambao una matrekta, zana, majengo ya shambani na nishati. Kuna Uhandisi wa Umwagiliaji na Rasilimali za Maji. Kuna pia uhandisi unaohusu usindikaji na hifadhi baada ya mavuno, yaani mambo kama kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 ili yasiote ukungu ghalani. Kila moja ni miaka 4.

Ukitaka kujua kama kazi hii inakufaa, jaribu hesabu hii. Mkulima wa vitunguu anataka kupandisha lita 20 za maji kwa sekunde kutoka mtoni hadi kimo cha mita 10. Zidisha 9.81 (mvutano wa dunia) × 20 × 10, unapata wati 1,962. Pampu yake ina ufanisi wa asilimia 60, kwa hiyo injini lazima itoe karibu kilowati 3.3, na hapo hujaongeza msuguano ndani ya bomba. Kama umeifuata hesabu hii na ukaanza kujiuliza bomba liwe na kipenyo gani, njoo, tunakuhitaji. Niliwahi kufika kwenye skimu moja ya umwagiliaji ambayo mfereji ulichimbwa kwa kukadiria kwa macho, bila levo, yaani kifaa cha kupimia mwinuko wa ardhi. Maji yalikwenda mita kama 200 yakatuama, na wakulima wamesimama na majembe yao wakiyatazama. Msimu ule mpunga wa chini wote ulikauka. Iliniuma, maana siku 2 za upimaji zingetosha.

Sasa Kenya. Egerton, pale Njoro, kilianza kama shule ya kilimo mwaka 1939, na JKUAT iliyopo Juja inafundisha uhandisi wa kilimo na mifumo ya kibayolojia. Ni vyuo ninavyoviheshimu. Lakini shahada ya uhandisi kule ni miaka 5, kwa hiyo mzazi ajipange kwa mwaka mzima wa ziada wa ada, chumba na chakula, na ukirudi upeleke cheti Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kikatambuliwe kabla hujakwenda ERB. Kama huna sababu maalumu ya kuvuka mpaka, sioni haja.

Mjomba naye ana hoja. Kama kinachokuvutia ni injini tu, iwe ya trekta au ya kiwandani, uhandisi wa mitambo utakufaa na soko lake ni pana. Ila mhandisi wa mitambo hafundishwi kwa kina jinsi udongo unavyoshika jembe, wala zao linahitaji maji kiasi gani wiki ya 6.

Kuhusu kujua kama chuo kinafundisha kweli, usiishie kwenye tovuti. Panda basi uende kabla dirisha la udahili halijafungwa. Ukifika, omba kuiona karakana na uangalie sahani za jembe la trekta. Jembe linalolima huwa linang'aa kama kioo pale udongo unapopita. Likiwa na rangi ya dukani bado, au kutu nyekundu uso mzima, wanafunzi hawalitumii. Kisha mtafute fundi wa karakana, umuulize mwanafunzi wa mwaka wa pili anashika usukani mara ngapi kwa muhula, na mafunzo ya vitendo ya mwaka jana waliwapeleka wapi. Andika majibu yake, halafu zungumza na wanafunzi wawili watatu wa mwaka wa nne uone kama wanasema hivyo hivyo.