Kwa nini binti yangu hachoki na hadithi za mashabiki?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Binti yangu wa miaka 17 alimaliza riwaya za mpelelezi mmoja zamani, lakini kila usiku namkuta ndani ya chandarua, simu mkononi, akisoma visa vya wahusika wale wale vilivyotungwa na wasomaji wenzake. Mbona hatafuti kitabu kipya? Utamu wake ni nini hasa?
*Mama wa Kisauni, Mombasa*

JIBU: Wa alaikumu salamu, mama. Nyanya yangu, alipotusimulia kisa cha Fumo Liyongo, kila akifika pale mwana anapomchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, sisi wajukuu hulia. Usiku mmoja akasema kijana aliingiwa na imani, akaitupa sindano kisimani. Tulijua fika kwamba sivyo, na bado usiku uliofuata tuliomba kisa hicho hicho cha sindano ya kisimani.

Binti yako yumo katika hali hiyo. Kitabu kipya humdai kurasa nyingi za kujuana na wageni, ilhali hapa mhusika akikohoa tu yeye keshajua ana hila gani, kwa kuwa tabia zake amezizoea kama za jirani wa ukuta mmoja. Tena mwandishi wa riwaya, mwenye haraka ya kumkamata mwizi, huwapita wahusika wadogo. Shabiki hurudi kwa yule mpishi aliyetajwa mara moja, akampa jina, mke na deni la dukani.

Na pale mwandishi anapowaudhi wasomaji, wao hujitengenezea. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, mwaka 1893, wasomaji wakalalamika, naye akaja kumrudisha hai mwaka 1903. Mashabiki wa leo hawangoji miaka kumi. Wale wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, nchini Marekani walianza kuchapisha jarida lao, Spockanalia, mwaka 1967, na siku hizi ipo hifadhi ya mtandaoni iitwayo Archive of Our Own, isiyotoza ada wala kuweka matangazo, iliyopata tuzo ya Hugo, ya fasihi ya sayansi na njozi, mwaka 2019.

Wapo wanaouita utunzi huu wizi, nami siafikiani nao maadamu hakuna kinachouzwa. Mtunzi wa takhmisa huchukua beti za mwenzake, akaongeza mishororo mitatu juu ya ile miwili hata ubeti ukawa wa mitano, na baraza zima likaburudika kulisikia la kale likishikana na jipya.

Sikufichi kwamba nyingi ni mbichi, tahajia ovyo, mapenzi kupita kiasi. Nyingine ni za watu wazima, lakini kwenye hifadhi niliyoitaja kila hadithi kwa kawaida huwekewa alama za umri na maudhui mwanzoni kabisa, juu ya sura ya kwanza, mwambie akuonyeshe.