Kibao cha SIMAMA kinamsimamisha nani?

Swali lenu la wiki hii: "Je, wanafunzi waruhusiwe kuwavusha wenzao barabarani?" Jibu langu ni hapana. Ningeishia hapo, ila mmenigusa pabaya. Nimefundisha miaka mingi shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu, hapa Mbeya, upande wa Uyole, na zamu ya getini naijua.

Wenyeji hawahitaji maelezo. Malori ya kwenda Tunduma, Zambia na Kongo yanapita mbele ya madarasa. Sheria inaruhusu lori na tela lake kufika tani 56. Mwendo wa mjini wa kilomita 50 kwa saa ni kama mita 14 kwa kila sekunde, na hiyo ni kwa dereva anayeufuata.

Mafunzo? Trafiki walikuja mara moja, asubuhi mpaka saa ya uji. Watoto wanane wakapewa vizibao vya kung'aa na vibao viwili vya SIMAMA. Tazama kulia, kushoto, kulia tena. Usiingie barabarani gari likiwa karibu. Wenzako wabaki nyuma mpaka magari yasimame kabisa. Sibezi, yalikuwa mafunzo mazuri. Tatizo yalifanyika uwanjani, na lori alikuwa mwalimu wa michezo.

Sasa asubuhi moja ya Machi, ukungu wetu ule, hata mparachichi wa getini hauonekani. Kwenye zebra yuko binti wa darasa la sita, kizibao kimemfika magotini. Nyuma yake watoto kama thelathini, masweta yamelowa. Tukasikia semi kabla ya kuiona. Binti akainua kibao. Breki za upepo zikalia, lile dude likasimama, taa zake mbili zikitutazama kama macho ya ng'ombe. Watoto wakaanza kusukumana wavuke. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nikasema, "Haya, twendeni."

Binti hakusogea. Alinyoosha mkono mwingine akawazuia, akaenda peke yake mpaka kwenye kona ya lori, akachungulia. Hapo ndipo bajaji ilipochomoka nyuma ya semi, inaipita kwa kulia, na kufyatuka mbele yetu. Upepo wake niliusikia kwenye suruali.

Nikamuuliza baadaye nani kamfundisha vile. "Bibi," akasema. Bibi yake anauza viazi pembeni mwa barabara. "Anasema lori likisimama, mwalimu, nyuma yake kuna mwenye haraka."

Kesho yake, kwa aibu, nikashika kibao mwenyewe. Lori la kwanza likanipigia honi likapita. La pili, kosta, konda akatoa kichwa: "Mwalimu, kasahihishe madaftari!" La tatu ndilo lililosimama. Nilipomrudishia binti, gari la kwanza tu likasimama. Labda madereva nao wana watoto nyumbani.

Uingereza walishaipa kazi hii ya kuvusha watoto sheria yake mwaka 1953, na wanaoifanya ni watu wazima. Marekani, wanafunzi wa Chicago walianza doria mwaka 1920, lakini wao kazi yao ni kuwazuia watoto wenzao pembeni. Kusimamisha magari hawahusiki. Ndivyo alivyofanya yule binti kwa ule mkono wake wa pili, na sisi tulikuwa tumempa sifa za kibao.

Basi ile hapana yangu, nahisi imelegea. Andikeni ndiyo, lakini ya kuzuia wenzao, na awepo mtu mzima hatua moja kutoka kwake, tena matuta yawekwe kwanza. Kibao ashike mkubwa. Ingawa nimeshawaambia walivyonifanya nilipokishika, na trafiki mwenye kumwandikia dereva faini ya elfu thelathini huwa kule Mafiati mjini, saa moja asubuhi kwetu hayupo. Siku ya ukungu sina jibu kabisa.

Binti sasa yuko sekondari. Mdogo wake kaja mwaka huu kuomba kizibao, nikampa. Kibao nakishika mimi. Mpini ulivunjika, tumeufunga kwa mpira wa baiskeli.