Barua kwa mwanangu Neema, kuhusu kuacha gitaa

Neema mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo, mguu wa mama yako unaendelea vizuri. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umefika miaka 34, prodyuza anakwambia nyimbo zako si bongo fleva wala si dansi, hajui azipeleke wapi. Unauliza uache muziki urudi kwenye uhasibu.

Kosa lako ni kumuuliza mzee ambaye mwaka jana ulimtumia nyimbo za Lucinda Williams, yule mwimbaji wa Marekani, ukamwekea na bando. Mama yule nimemfuatilia kuliko mtihani wowote niliowahi kusahihisha.

Amezaliwa 1953, Lake Charles, Louisiana. Albamu ya kwanza, 1979, ilikuwa ya nyimbo za watu wengine. Ya pili, 1980, za kwake. Kisha kimya cha miaka minane. Kampuni za muziki za Los Angeles zilimwambia ana kantri nyingi mno kwa watu wa roki. Za Nashville, makao ya kantri, zikasema ana roki nyingi mno kwa watu wa kantri. Unaona? Prodyuza wako hajabuni kitu. Waliomchukua mwishowe ni Rough Trade, kampuni ya Uingereza iliyozoea wapiga panki. Albamu ikatoka 1988, naye ana miaka 35.

Lakini usiivae hadithi hii kama hirizi. Wimbo mmoja wa albamu ile, "Passionate Kisses", ulimpa tuzo ya Grammy ya utunzi mwaka 1994, ila sauti iliyoupeleka redioni ilikuwa ya mwimbaji mwingine, Mary Chapin Carpenter. Na albamu iliyomtoa hasa, Car Wheels on a Gravel Road, ilikuja 1998, miaka sita baada ya iliyoitangulia. Alirekodi Austin, hakuridhika. Akarekodi upya Nashville na mwanamuziki mwenzake Steve Earle, akaenda kuimalizia Los Angeles. Gurf Morlix, mpiga gitaa wake wa miaka mingi, akaondoka njiani. Watu humsifu kwa ukaidi ule. Mimi, mla mshahara wa serikali, nilimwonea huruma Gurf.

Kwa hiyo kuhusu uhasibu: shika vitabu vya watu mchana, usiku imba. Kodi ya nyumba haisubiri albamu. Gitaa usiliuze. Lucinda kiharusi kilimpata Novemba 2020, vidole vikagoma kupiga, na bado anapanda jukwaani kuimba wenzake wakimpigia.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Baba yake, Miller Williams, alikuwa mshairi na mwalimu wa chuo. Ndiye aliyesoma shairi Rais Clinton wa Marekani alipoapishwa mara ya pili, 1997. Kazi yake iliihamisha familia mji baada ya mji. Lucinda amesimulia kwamba baba yake alipousikia wimbo uliobeba jina la albamu ile ya 1998, wenye mtoto anayelia kiti cha nyuma cha gari, alimfuata akamwomba radhi. Binti akashangaa, radhi ya nini? Hakuwa ametambua kwamba mtoto yule ni yeye. Mzee alimtambua mara moja.

Sasa ule wimbo wako mpya. Ubeti wa pili kuna mtoto juu ya godoro, nyuma ya pikapu, amepakata sufuria nyeusi, vumbi limemjaa kope. Nilizima simu, nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Barua ya uhamisho ilifika Ijumaa, Jumatatu nikatakiwa kuripoti. Ulikuwa darasa la kwanza. Mama yako alifunga vyombo kwenye mashuka, mimi nikabishana na dereva bei. Wewe uliuliza, nakumbuka vizuri, uliuliza mara mbili, nami nikakwambia shika sufuria isianguke.

Tulikuwa tunakwenda Babati, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako