Maswali yenu: zabibu, Tanzania na Afrika Kusini nani anajitosheleza?

Wiki hii mmeniletea zabibu tu. Haya.

"Papa, kati ya Tanzania na Afrika Kusini nani anajitosheleza kwa zabibu? Tumebishana kazini mpaka basi." (Katuba, Lubumbashi)

Afrika Kusini, tena mbali sana. Ila mnabishana vibaya, kila mtu anatafuta tani. Hesabu yake: chukua mavuno, gawa kwa kile kinachobaki nchini, yaani mavuno ongeza kinachoingia toa kinachotoka, halafu mara 100. Tuseme nchi imevuna 100, imeuza nje 60, imeingiza 2: inabaki na 42, kwa hiyo ni asilimia 238, yaani juu ya 100, inajitosheleza na kuzidi. Kusini wako upande huo. Msimu wa 2023/24 walitoa nje maboksi zaidi ya milioni 70 ya kilo 4.5, mengi yakaenda Uholanzi na Uingereza, na hizo ni zabibu za kula tu, za bonde la Hex River na kando ya mto Orange na kwingineko, bado hujagusa mizabibu ya divai, zaidi ya hekta 80,000. Tanzania wanalima hasa Dodoma na nyingi ni za divai, sasa mtu wa Dar akitaka za kula anauziwa za kutoka huko huko Kusini. Na mkulima wa Dodoma analia hana mnunuzi wakati chupa za divai ya Kusini zimejaa madukani! Asilimia itakwambia Tanzania haina za kutosha, kumbe kuna zinazokosa soko. Hiyo namba peke yake msiishike kama Biblia.

"Lakini Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, si wanawashinda?"

Hapana. Kule hakuna baridi ya kulaza mzabibu, ukikata matawi unachipua tena, miezi minne hivi unavuna. Kidogo mara mbili bado ni kidogo.

"Ile nyeupe kama unga juu ya zabibu ni dawa?"

Ni nta ya tunda lenyewe, osha ule, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Wewe angalia vikonyo: vikiwa vikavu, rangi ya kahawia, zimekaa sana kwenye frigo ya kamio (lori). Na ukinunua kali usizingojee nyumbani, zabibu ikishachumwa haiivi tena.

"Zisizo na mbegu ni za maabara?"

Hapana. Sultana, moja ya hizo zisizo na mbegu, ni ya zamani kuliko babu zenu wote, na kwa kuwa haina mbegu wanapanda vipande vya tawi.

"Mbona sisi hapa Lubumbashi hatulimi, tunangoja za Kusini kwa bei ya kuumiza?" (mama wa Kamalondo)

Mama, kwenye parsele (kiwanja) yako inawezekana. Tuko juu mita 1,200 hivi na kiangazi ni kirefu. Adui ni mvua, ikikolea majani yanashikwa na ukungu, kwa hiyo ukate matawi kiangazi kikianza, umwagilie, uvune kabla mvua haijashika. Maji ya kumwagilia yatatoka wapi na umeme huu wetu wa kukatika, hilo unalijua kuliko mimi.

Ila niache niseme, hata kama hukuniuliza. Tunaulizana zabibu na bukari (ugali) ya jioni unga wake umevuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia! 2024 ukame ulipopiga Zambia, wenyewe wakatangaza janga mwezi wa pili, mahindi wakayashika ya kwao, na nani atawalaumu, sisi huku tukabaki tunaangalia bei ya mfuko inapanda. Zabibu zikikosekana hakuna mtoto wa Lubumbashi atalala njaa. Pimeni mahindi kwanza kwa hesabu ile ile ya juu, na mtu asiniambie udongo hakuna, shika barabara ya Kasenga uone pori lilivyolala pande zote mbili.

"Nikipanda mbegu za zabibu nilizokula zitaota?"

Zinaweza kuota, ila mti hautafanana na mama yake. Tafuta kipande cha tawi. Na ukikivusha mpakani bila cheti cha afya ya mimea wakakunyang'anya, usiniandikie.