Milioni tatu: akaunti ya akiba au vipande vya UTT?

Dada, umesema una milioni tatu kwenye akaunti ya akiba, ada ya mtoto ni Januari, na shemeji anakusukuma uhamishie zote UTT, kampuni inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja na kuuza vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko. Usihamishe zote.

Pesa ya ada na ya dharura iache benki. Riba yake ni kiduchu, kweli, na makato yanaila, lakini usiku mtoto akiugua unaitoa hapo hapo. Kwenye mfuko unauza vipande kisha unasubiri siku za kazi kadhaa.

Kinachobaki, kama hutakigusa mwaka mzima, nunua vipande vya Mfuko wa Ukwasi. Huo huweka pesa zaidi kwenye hatifungani (mikopo inayolipwa kwa riba), dhamana za serikali na amana za benki, kwa hiyo hauyumbi sana. Mfuko wa Umoja, pia wa UTT, ulioanza 2005, una hisa za kampuni pia. Bei ya kipande inaweza kushuka, na Bodi ya Bima ya Amana, inayolinda pesa zilizowekwa benki, hailipi hasara hiyo. Umoja ni wa pesa ya miaka mitano kwenda mbele.

Na shemeji akikuletea "mfuko" wa kwenye WhatsApp wenye faida ya uhakika kila wiki, muulize leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, iko wapi.