ULIZA FUNDI: Waya mweupe ndo silva?

SWALI: Fundi habari za kazi. Kuna jamaa dukani kanishikilia nichukue waya wa spika wa shaba iliyopakwa silva, anasema mziki unatoka msafi na trebo inafunguka maana umeme huwa unapita juu juu ya waya. Bei yake ni mara nane ya waya wa kawaida! Halafu nyumbani nina waya wangu wa zamani, plastiki yake inaonesha ndani, upande mmoja mwekundu mwingine mweupe, na fundi wa mtaani alishaniambia ule mweupe ndo silva. Sasa si ninayo tayari? Kutoka ampu mpaka spika ni kama mita 4. Msomaji, Tanga.

JIBU: Salama kaka. Ule mweupe sio silva, ni shaba iliyopakwa bati, na hawakuipaka ili mziki unoge, wamepaka ili ujue upande upi chanya upi hasi. Ukizigeuza hizo pande kwenye spika moja, ile inavuta ndani wakati mwenzake inasukuma nje, besi inakonda, na hiyo tofauti utaisikia hata ukiwa jikoni.

Tuje kwa jamaa yako. Hajadanganya yote, ndo maana anauza. Silva kweli inapitisha umeme kuliko shaba ila inaizidi kwa asilimia 6 hivi tu, na hiyo ya umeme kukimbilia juu ipo, lakini hayo ni mambo ya antena. Sikio la binadamu linaishia hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na hapo umeme bado unazama ndani ya shaba karibu nusu milimita, wakati silva yenyewe waliyopaka kwa kawaida ni kama maikroni moja, yaani milimita uigawe mara elfu uchukue kipande kimoja, kwa hiyo mziki wako karibu wote unapita kwenye shaba ile ile uliyonayo. Ukifika megahezi 1,000 ndo umeme unabanana kwenye maikroni 2 za juu, huko silva inakula mshahara wake.

Huu waya wa silva unatumika sana kwenye ndege. Teflon, plastiki inayofunika waya huo, inaivishwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 350, bati linayeyuka kwenye 232 na shaba tupu inababuka, silva ndo inavumilia. Watu wa mziki wameudandia tu baadae. Tena kwa unyevu wa huko kwenu pwani mimi ningeuogopa kidogo, maana silva ikichubuka sehemu halafu maji yakaingia, shaba ya chini inaliwa inageuka unga mwekundu, mafundi wa ndege wanaujua huo ugonjwa vizuri sana.

Hesabu yako ni hii: mita 4 kwenda na 4 kurudi, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukinzani wake (yaani unavyozuia umeme) ni kama omu 0.055. Kwa spika ya omu 8 hiyo haifiki hata asilimia moja, sasa silva ije kuokoa nini hapo?

Cha kuogopa ni alumini iliyovishwa shaba, imejaa madukani na mimi mwenyewe nilishapigwa roli zima. Alumini inapitisha kama asilimia 60 tu ya shaba, na inakatika ovyo ukiikunja kunja. Chukua kisu ukwangue nyuzi zako: zote mbili, mwekundu na mweupe, ndani ziwe nyekundu. Ukiona weupe ndani umepigwa kama mimi, na ukiushika utausikia mwepesi mno.

Ukikuta ni shaba na unene ni milimita 1.5 za mraba kwenda juu, baki nao. Kata ncha zilizofanya kutu, menya upya, kaza vizuri, na ukiamua mweupe uwe chanya basi uwe chanya kwenye spika zote mbili.