Mtoto hazaliwi mtupu kama ndama

Wapo wanaosema mtoto huzaliwa bila kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na vijidudu. Hapana, mtoto wa binadamu hazaliwi bila hizo; hiyo ni hali ya ndama. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, ndiyo maana ndama asiponyonya dang'a (maziwa ya kwanza) mapema yuko hatarini: baada ya kama saa 24 utumbo wake haufyonzi tena kingamwili. Binadamu hupewa zake tumboni, aina ya IgG, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Dang'a ya mama ni muhimu sana bado, ila ina zaidi kingamwili aina ya IgA, inayolinda koo na utumbo kuliko damu.

Kwa streptokokasi kundi B, bakteria wanaoweza kuwaugua watoto wachanga, ushahidi kwamba kingamwili za mama humlinda mtoto ni mzuri: mwanasayansi Rebecca Lancefield alionyesha kwamba kingamwili za sungura dhidi ya ganda la bakteria hao huwakinga panya, na mwaka 1976 watafiti Carol Baker na Dennis Kasper wakakuta akina mama ambao watoto wao waliugua walikuwa na kingamwili kidogo dhidi ya ganda hilo.

Ila mtoto njiti aangaliwe kwa karibu zaidi, maana huzaliwa kabla hajapokea za kutosha.